Kioo Kichafu na Mwenye Kusaini

Biashara ndogo ya kufuta vioo huanza na ndoo mbili, ngazi, mpira wa kukaushia kioo wenye mpini, sabuni ya maji na vitambaa visivyoacha nyuzi. Vyote hupatikana Kariakoo kwa asubuhi moja, na aliyevinunua hurudi nyumbani akiamini kwamba sehemu ngumu imekwisha. Kilichobaki, kwa hesabu zake, ni kutembea mjini akiangalia juu. Na kweli Dar es Salaam haina uhaba wa vioo vichafu. Upepo wa kusi hupeleka chumvi ya bahari hadi kwenye madirisha ya Masaki na Oysterbay. Kiangazi huleta vumbi kila barabara inapochimbwa. Masika huchanganya chumvi na vumbi likawa tope jembamba linaloteremka kwenye kioo kwa michirizi na kukaukia hapo hapo. Mwenye ndoo akipanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Posta, akabahatika kupata kiti cha dirishani, ataona kazi ya mwaka mzima. Asichokiona ni mteja.

Kioo cha nyumbani kina mwenyewe. Mama mwenye nyumba akiona alama za vidole vya watoto, jambo huisha siku hiyo hiyo. Kioo cha biashara hutazamwa na watu mia na hakimhusu hata mmoja. Mpangaji wa ghorofa ya tatu anasema upande wa nje ni wa mwenye jengo. Mwenye jengo anasema kila mpangaji alikabidhiwa eneo lake likiwa safi. Kampuni inayodeki korido inasema mkataba wake unaishia sakafuni na chooni. Utaratibu wa majengo mengi ya wapangaji wengi unajulikana: nje ni juu ya mwenye jengo, na gharama hutoka kwenye tozo ya huduma wanayochangia wapangaji, ndani ni juu ya mpangaji mwenyewe. Umeandikwa kwenye mkataba wa pango, mkataba uko kwenye faili, faili liko kwa mwanasheria, na mwanasheria hajawahi kufika kwenye jengo. Kwa hiyo kumtafuta mteja wa kibiashara ni kumtafuta mtu mmoja tu ambaye uchafu huo ni wake kikazi na ambaye ana kalamu ya kusaini. Wengine wote watakubali kwamba kioo ni kichafu, tena kwa furaha, na hawatalipa.

Mahali pepesi pa kuanzia ni maduka ya chini, yale ambayo milango yake inafungukia barabarani. Saluni, famasi, duka la simu, duka la magauni ya harusi, mgahawa wenye kioo kutoka sakafuni hadi darini: hapo mwenye kuamua yuko ndani, au yuko umbali wa simu moja. Sinza, Mwenge na Mikocheni zimejaa maduka ya aina hii, na uzuri wake mkubwa ni kwamba yanapakana. Kupakana huonekana jambo dogo hadi hesabu ya nauli ipigwe. Mwenye mteja mmoja Mbezi Beach, wa pili Kariakoo na wa tatu Mbagala amegeuka msafiri mwenye ndoo. Makondakta wa daladala humfahamu kwa ngazi yake, ambayo haina nauli rasmi lakini kila asubuhi huzua mjadala unaoshirikisha basi zima. Afadhali maduka saba ya mtaa mmoja yanayolipa kidogo kidogo kuliko matatu yanayolipa vizuri kwenye pembe tatu za mji.

Muda wa kuingia dukani una adabu yake. Mgahawani haiingiwi saa saba mchana, wakati mwenye mgahawa anahesabu sahani kwa macho na pesa kwa vidole. Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu, wenye maduka wengi Kariakoo wako msikitini, na kijana aliyeachwa kaunta ana jibu moja kwa maswali yote: bosi hayupo. Saluni ni Jumanne asubuhi. Jumamosi dada mwenye saluni ana vichwa vinne vinavyosubiri na mikono iliyojaa dawa. Atasema ndiyo kwa chochote ili aachwe, na Jumatatu mfuta vioo akitokea na ngazi yake ataulizwa kwa upole yeye ni nani.

Wapo wateja wanaovutia kwa macho tu. Mgeni wa kazi hii hupenda sana yadi za magari, kwa sababu hakuna mahali penye vioo vingi kama pale. Vioo hivyo vina magurudumu. Yadi ina vijana wake wenye mpira wa maji na mataulo, na ofisi yenyewe ni kontena lenye dirisha moja ambalo nusu yake imezibwa na kiyoyozi. Tawi la benki nalo lina vioo vizuri, meneja mwenye heshima na maji ya baridi kwenye kona. Meneja huyo anaweza kuidhinisha mkopo wa kununua gari, lakini hana mamlaka ya kumlipa mtu afute mlango wa tawi lake. Mkataba wa usafi wa matawi yote ulisainiwa makao makuu, na aliyesaini alishahamishiwa kitengo kingine.

Ofisi za umma zina njia yake. Tangu mwaka 2023 manunuzi ya umma Tanzania hupita kwenye mfumo wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS, na sheria inataka asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi ya taasisi itengwe kwa vikundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Habari hizi zikifika mtaani, mfuta vioo aliyekuwa na msaidizi mmoja hujikuta ndani ya kikundi cha ndugu na majirani chenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na ngazi ikiwa bado ni moja. Njia hiyo inafanya kazi kwa wenye subira na intaneti isiyokatika. Asiye na kimojawapo abaki kwanza na maduka ya chini.

Mteja anayesahaulika na wengi ni yule anayeonekana kuwa mshindani. Kampuni kubwa za usafi zimeajiri watu wa kudeki, kusugua vyoo na kupanga viti, na wengi wao hawapandi ngazi hata kwa posho. Lakini mkataba wao na mwenye jengo una mstari mmoja, chini kabisa, unaotaja vioo. Mstari huo huwakosesha usingizi kila mwisho wa robo mwaka, na anayewapunguzia mzigo huo kwa bei ya kueleweka hupata kazi bila kuandika barua hata moja. Wa namna hiyo pia ni fundi wa aluminiamu. Yeye ndiye anayejua ni duka gani linafungwa vioo vipya wiki hii, na kioo kipya huja na gundi, karatasi ya kukinga, rangi ya fundi mwingine na saruji iliyokauka, vitu ambavyo mwenye duka hakuviweka kwenye bajeti ya ufunguzi.

Kati ya mfuta vioo na mwenye kusaini yuko mlinzi. Vitabu vya biashara humruka, lakini getini harukiki. Ana daftari lenye mistari ya jina, simu, unakotoka, unakokwenda, saa na sahihi, na kalamu iliyofungwa kamba fupi kiasi kwamba kila mgeni huandika akiwa ameinama. Wanaoanza hujaribu kumpita kwa kujifanya wakubwa: suti, faili, mwendo wa haraka. Matokeo ni mabaya kuliko ya ndoo. Aliyevaa fulana ya kazi huulizwa anakwenda wapi. Mwenye suti na faili huambiwa bosi amesafiri, kwa sababu mlinzi ameshaamua moyoni kwamba huyo ni mtu wa TRA au mdai wa madeni, na kazi yake ni kumlinda bosi dhidi ya wote wawili. Mwenye ndoo, kwa upande wake, huishia kwenye mazungumzo ya namna hii:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unamtaka nani?"

"Msimamizi wa jengo, mzee wangu. Mimi nafuta vioo."

"Vya humu?" Mlinzi hugeuka kuvitazama, pengine kwa mara ya kwanza tangu apangiwe lindo hilo. "Kwani vina nini?"

Mlinzi haulizi kwa utani. Uchafu wa kioo huja taratibu, vumbi la leo juu ya vumbi la jana, na anayepita mbele yake kila siku hana siku hata moja ya kuuona ukianza. Ndiyo maana mwenye jengo aliyerudi kutoka safari ndefu ni mteja mzuri kuliko aliyekuwepo wakati wote, na meneja mpya ni mzuri kuliko wote wawili, maana ametoka kupokea ofisi na bado anatafuta kitu cha kulaumu. Mlinzi anazijua habari hizo zote. Anajua bosi yupi huingia saa mbili, yupi huja saa nne na kutoka saa tano, nani hulipa wauza maji siku hiyo hiyo na nani huwaambia warudi. Mfuta vioo anayekaa naye kwenye benchi dakika kumi, akisikiliza habari za mshahara uliochelewa, hutoka na orodha bora kuliko ya kununua.

Kwenye majengo yenye lifti na mapokezi, mlinzi akishapitwa huwa kuna barua. Barua huandikwa kwa Mkurugenzi Mtendaji, yenye S.L.P. na YAH: iliyopigiwa mstari, na hupokelewa na dada wa mapokezi anayegonga muhuri wa IMEPOKELEWA juu ya nakala ya mleta barua. Nakala hiyo hutunzwa kwa miaka, kama cheti cha ubatizo. Kuanzia hapo barua husafiri peke yake. Mkurugenzi huandika pembeni, "Utawala, tafadhali shughulikia." Utawala huandika chini yake, "Manunuzi, naomba ushauri." Manunuzi huandika, kwa wino mwekundu, "Hakuna kifungu. Ihifadhiwe." Zipo pia barua zinazopotea njia zikaingia kitengo cha rasilimali watu, na mwenye kampuni hupokea ujumbe kwamba maombi yake ya ajira yamefika, nafasi zimejaa, na safari nyingine aambatishe cheti cha kidato cha nne. Barua yenye nafasi ni ile iliyotanguliwa na mtu wa ndani aliyesema inakuja, na iliyofika kabla bajeti haijafungwa. Kwa taasisi za umma mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo anayepeleka barua Julai 2 amewahi sana kwa mwaka unaofuata.

Kinachouza kuliko barua ni kioo kimoja kilichofutwa. Mfuta vioo huomba ruhusa ya kusafisha kimoja tu, bure, na mwenye ujuzi huchagua cha katikati, kwa sababu cha pembeni kikisafishwa watu hudhani ni kivuli. Hulowesha kwa kitambaa cha sabuni, hupitisha mpira kutoka kona ya juu akizungusha mkono kushoto na kulia bila kuunyanyua, hufuta ukingo wa mpira, kisha hukausha pembe kwa kitambaa kikavu. Ukifanywa vizuri mchezo wote unakwisha kabla mteja hajamaliza kusoma ujumbe kwenye simu. Mpira huo mwepesi wa mkono mmoja ulipatiwa hataza Marekani mwaka 1938 na Ettore Steccone, mhamiaji kutoka Italia aliyekuwa akifuta vioo California. Kabla yake mafundi walibeba chuma kizito chenye mipira miwili na skrubu nyingi. Mbele ya duka la Sinza kifaa hicho bado kina uwezo wa kusimamisha wapita njia, na wapo wanaobaki hadi mwisho wakitoa ushauri.

Kioo kimoja safi katikati ya saba vichafu ni hoja ambayo haijibiki, na ubaya wake ni kwamba hujibiwa kwa njia nyingi. Njia ya kwanza ni ya meneja anayeridhika mno. Ameona kazi ni nyepesi, anashukuru, anamwita kijana wa ofisini na kumwonyesha: "Umeona alivyofanya? Malizia hivyo hivyo." Kijana huleta gazeti la jana na maji ya bomba, na vioo saba hupata mawingu ambayo hayakuwepo.

Njia ya pili ni mikwaruzo. Vumbi huficha mikwaruzo iliyoachwa na mafundi wa ujenzi miaka mingi iliyopita, waliokwangua saruji kwa kisu. Kioo kikisafishwa mikwaruzo hujitokeza yote kwa pamoja jua likiipiga, na mwenye duka, ambaye hajawahi kuiona, anamjua mtu mmoja tu aliyegusa kioo hicho leo. Wazoefu hupiga picha kwanza na kumwonyesha mwenye duka kila mstari kabla ya kugusa maji. Ni adabu isiyopendeza. Huanzisha biashara kwa kumwambia mtu kwamba mali yake ina kasoro, lakini humalizika kwa bei nafuu kuliko kioo kipya. Tinti nayo ina mtego wake. Ikiwa imebandikwa nje badala ya ndani, kisu cha kukwangulia kinyesi cha ndege kitainyanyua pembe moja, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka kinyesi.

Njia ya tatu hutokea pale kazi ilipokwenda vizuri kupita kiasi. Mlango wa kioo uliokuwa na vumbi la miezi ulijitangaza wenyewe. Ukishang'aa, hautangazi kitu. Mteja wa kwanza wa duka, akiwa na simu sikioni na mfuko mkononi, huingia nao uso kwa uso. Huwa haumii sana, hasira ndiyo inayouma, na alama ya paji la uso wake hubaki kwenye kioo, palepale kilipokuwa kisafi zaidi. Stika mbili za duara kwenye usawa wa macho huzuia ajali hii, na mfuta vioo mwenye akili huzibeba mfukoni. Huzibandika bure, na kwa kuwa stika lazima iwe na kitu, ina jina la kampuni yake na namba ya simu.

Maji yana siri yake pia. Sehemu nyingi za Dar es Salaam hutumia maji ya kisima yenye chumvi, na maji hayo yakikaukia kwenye kioo huacha madoa meupe yanayoonekana jioni, mfuta vioo akiwa ameshapanda daladala. Siki au ndimu huyatoa madoa ya karibuni. Ya siku nyingi yameshakuwa sehemu ya kioo. Jua la saa sita hukausha sabuni kabla mpira haujafika, ndiyo maana wanaojua huanza asubuhi upande wa magharibi na kuhamia mashariki baada ya adhuhuri, wakifuata kivuli. Wateja huuona mpangilio huu kuwa uvivu. "Mbona unaanzia nyuma?" huuliza mwenye duka ambalo uso wake uko mashariki, na hujibiwa kwa somo la jiografia ambalo hakuliomba.

Mazungumzo ya bei huanza kwa mteja kusema, "Wewe niambie tu, sitakubania," sentensi ambayo haijawahi kufuatwa na ukarimu. Jibu linalosalimisha ni bei kwa kioo, iliyohesabiwa mbele yake. Duka lenye vioo 12 kwa shilingi 1,500 kila kimoja, pande zote mbili, ni shilingi 18,000 kwa ziara. Ziara mbili kwa mwezi ni 36,000. Mteja husema kwamba gari lake zima huoshwa kwa bei ya vioo vichache tu, na ni kweli, na hakuna hoja ya kumshinda isipokuwa kuuliza gari hilo linaleta wateja wangapi kwa siku. Mgahawa na saluni huhitaji kila wiki, kwa sababu ya mafuta na dawa za nywele; duka la kawaida kila wiki mbili; ofisi ya ghorofani mara moja kwa mwezi au kwa robo mwaka. Kuipa ofisi bei ya kila wiki ni kuifukuza. Kuupa mgahawa bei ya kila robo mwaka ni kujiletea mafuta ya chipsi ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote inayouzwa kihalali.

Hatari kubwa ya bei kwa dirisha ni shule na majengo ya zamani. Mkuu wa shule huita, anasema ana madirisha ishirini, bei inapatana kwa simu, mkono unapeanwa hewani. Madirisha yanapoonekana ni ya luva. Kila dirisha lina vipande kumi au zaidi vya kioo vinavyofunguka pamoja, kila kipande kina pande mbili na kingo zenye kukata, na kuna kimoja, kwa kawaida cha tatu kutoka chini, ambacho kimeshikiliwa na imani tu. Kikiguswa huchomoka. Madirisha ishirini yamekuwa vipande mia mbili na zaidi, msaidizi ameshaomba ruhusa ya kwenda msibani, na mkuu wa shule anapita kila saa akisema kazi ni nzuri ila ni ya polepole. Tangu hapo mtu hujifunza kuuliza, kabla ya salamu kuisha, kama madirisha ni ya kusukuma au ya luva.

Ofisi yenye mhasibu hutaka karatasi. TIN, leseni ya biashara ya halmashauri, cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, ankara, na risiti ya EFD, ambayo huulizwa hata kabla kazi haijafanyika. Mwenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 200 kwa mwaka hawajibiki kujisajili VAT, na kumweleza hivyo mhasibu anayetaka namba ya VRN ijaze kisanduku chake ni kazi inayostahili kutozwa kando. Kwenye malipo ya huduma kampuni hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA: kati ya 36,000 huondoka 1,800, na hati ya makato huahidiwa. Anayeidai hati hiyo hudhaniwa ana ugomvi. Aidai tu, maana ni pesa yake kwenye hesabu ya mwisho wa mwaka.

Mwiko mmoja wa biashara ndogo ni urefu. Anayetafuta wateja husukumwa na njaa kusema ndiyo kwa ghorofa ambayo ngazi yake haifiki. Majengo pacha yaliyokuwa ya PSPF pale mjini, yenye zaidi ya ghorofa 30, husafishwa kwa kamba, mikanda na watu waliofunzwa, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haimwulizi mwenye kampuni kama ni ndogo. Hata ghorofa ya kwanza ina yake. Mteja husema kwa simu kwamba ni "juu kidogo tu", bila kutaja kwamba chini yake kuna mtaro wa maji, genge la mama muuza vitumbua na karai la mafuta yanayochemka. Mlinzi hujitolea kushikilia ngazi, kwa moyo safi kabisa. Lakini mlinzi huyo huyo ndiye mfungua geti, na honi ya gari la bosi ikilia huondoka mbio bila kuaga, huku aliye juu akiendelea kumsimulia mambo ya mpira. Kwa vioo vya ghorofa mbili tatu zipo fito ndefu zinazopandisha maji yaliyoondolewa madini, ambayo hukauka bila doa. Wapo waliojaribu kuokoa gharama kwa kutumia madumu ya maji ya kunywa. Maji hayo bado yana madini, madoa yalibaki, na wapangaji walishuhudia kwa uchungu maji ya dukani yakimwagwa ukutani wakati bomba la jengo lao lilikuwa kavu siku ya tatu.

Mteja aliyepatikana hajalipa. Duka hulipa kwa simu papo hapo, hasa kama mfuta vioo atabaki mlangoni akikunja vitambaa kwa utaratibu mkubwa. Ofisi hulipa baada ya siku 30, na siku hizo huanza kuhesabiwa tarehe ambayo mhasibu huichagua mwenyewe. Kwanza ankara haikuonekana. Ikionekana, ina tarehe ya mwezi uliofungwa. Ikirekebishwa, mwenye kusaini yuko Dodoma. Akirudi, aliyekaa na kitabu cha hundi yuko likizo ya uzazi. Hakuna aliyedanganya katika mlolongo huo, na ndiyo maana hakuna wa kugombana naye. Kinga iliyopo ni kutokuwa na mteja mmoja mkubwa anayebeba biashara yote, na kupeleka ankara siku ya kazi, mkononi, kwa mhasibu mwenyewe, baada ya kufuta kioo cha mbele ya meza yake bila kuambiwa.

Wateja hupotea pia. Masika wengi husimamisha kazi wakisema mvua itaosha, na mvua huosha juu na kurushia matope chini. Hao hurudi Juni. Anayepotea kweli ni yule ambaye meneja wake amebadilishwa, kwa sababu meneja mpya ana shemeji, na shemeji ameshanunua ndoo. Mkataba hukatwa kwa barua fupi ya shukrani. Shemeji huyo, kwa kawaida, hupiga simu baada ya ziara ya pili, akiuliza kwa sauti ya chini ni sabuni gani ilikuwa ikitumika na kama ngazi inaweza kuazimwa. Ngazi haiazimwi, lakini mtu wa kuipanda anapatikana, kwa bei pungufu kidogo na malipo taslimu siku hiyo hiyo. Shemeji husaini bila kusoma.